Nguruwe Aliyelala Hasemi: Kisa cha Mafunzo ya Ganzi ya Neva

Kwenye fomu ya bajeti ya mafunzo, katikati ya "jeli ya ultrasaundi, chupa 5" na "chai na vitafunwa, watu 15", palikuwa na mstari uliomfanya mhasibu anipigie simu: "nguruwe hai, 1". Aliniuliza kwa adabu kama sikuchanganya fomu, maana mambo ya sherehe ya kufunga mwaka huandikwa kwingine. Nikamwambia sikuchanganya. Nguruwe tunamtaka, tena hai, na hatutamla.

Akanyamaza kidogo. "Basi, dokta, andika maelezo."

Maelezo yale sikuwahi kuyamaliza. Kila nilipokaa kuyaandika nilikwama kwenye sentensi ileile, inayoanza "Mnyama hai anahitajika kwa sababu". Naandika sasa namna tulivyokwama na tulivyotoka, kwa kuwa najua idara nyingine za usingizi zimo mbioni kuanzisha mafunzo kama haya na huenda zikaletewa ushauri tulioletewa sisi. Hospitali ni moja ya zile za pwani ya Tanzania. Jina lake naliacha, pamoja na majina ya wote waliohusika.

Yote yalianza na kijana wa bodaboda aliyevunjika kifundo cha mkono. Tulikuwa tumepata mashine ya ultrasaundi miezi michache nyuma, na kwa mara ya kwanza tukaweza kumfanyia mtu wa namna hii upasuaji bila nusukaputi: unautia ganzi mkono peke yake, mgonjwa anabaki macho, akimaliza anakunywa chai. Sisi tunaita bloku. Ya mkono tuliyokuwa tukiifanya zaidi ni ya kwapani. Mshipa mkubwa wa damu unapita hapo, na neva nne, yaani mishipa ya fahamu, zinazohudumia mkono zimeuzunguka kama wapangaji walioelekeza milango kwenye ua mmoja. Sindano unaipeleka karibu na kila neva, unamwaga dawa, unasubiri.

Mwanafunzi ndiye aliyeshika sindano. Mimi nilikuwa msimamizi, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kitanda cha pili, ambako presha ya mama mmoja ilikuwa inashuka. Nikasikia kijana anapiga kelele: "Umeme! Umeme mpaka kwenye vidole!" Mwanafunzi akatabasamu. Alikuwa amesoma kwenye kitabu cha zamani kwamba mgonjwa akisikia umeme, sindano imefika. Ni kweli, ndivyo ilivyofundishwa kwa miaka mingi kabla ya ultrasaundi: ukiona umeme, umeigusa neva, mimina. Akamimina. Nilipogeuka, kwenye skrini ncha ya sindano haikuonekana kabisa. Ilionekana shingo yake tu, ncha ikiwa imetoka nje ya picha.

Bloku ilishika vizuri mno. Upasuaji ukaenda salama. Wiki moja baadaye kijana akarudi, dole gumba na kidole cha shahada bado vina ganzi. Ganzi ile ilikaa wiki 7 kabla ya kuanza kuondoka, na wiki 7 kwa mtu anayeishi kwa kushika breki ni ndefu. Kosa lilikuwa langu kabla halijawa la mwanafunzi, na nilimwambia kijana hivyo. Alisema, "Sawa dokta, lakini mimi nilisema umeme." Neno hilo nitalirudia.

Tukakubaliana idarani: hakuna mwanafunzi kugusa mgonjwa kwa bloku kabla ya kufanya mazoezi mahali pengine. Swali likawa, mahali pengine wapi?

Jibu la kwanza lilitoka kwa mgeni wetu, daktari bingwa kutoka Ulaya aliyekuja kujitolea kwa mwezi mmoja. Alikuwa mwalimu mzuri, mwenye subira. Akatuambia amewahi kufundishwa kwa nguruwe aliyelazwa nusukaputi: watu wanne wanne kila mguu, neva halisi, damu inayopita, misuli inayorukaruka ukiiwashia kichocheo cha umeme. Siku nzima. Mwisho nguruwe anaongezewa dawa na haamki. "Hakuna kinachofanana na mwili hai," akasema. Nikaona mwanga. Siku hiyohiyo nikaandika ule mstari wa bajeti.

Mnaodhani nguruwe ndiye aliyeleta tatizo kwa kuwa hapa ni pwani, mmekosea kama nilivyokosea mimi. Nilikwenda kwa unyenyekevu kwa Sista, muuguzi wetu wa usingizi wa siku nyingi, aliyewalaza nusu ya wazee wa mji huu na ambaye hakosi swala. Nikamwambia kama itawakwaza wanafunzi Waislamu tutatafuta mbuzi. Akanitazama. "Mwanangu, mimi nimeshika matapishi, usaha na kila kitu kwa glavu. Nguruwe nitamshika kwa glavu, Mungu anaijua nia. Mimi swali langu ni jingine: huyo nguruwe atalazwa na nani?" Pingamizi la nguvu lilitoka kwa mwanafunzi Mkristo wa Moshi, ambaye aliposikia kwamba nyama yenye dawa haiwezi kuliwa na itachomwa moto yote, alikaa kimya siku nzima kama mtu aliyefiwa. Kitimoto nzima!

Swali la Sista nilidhani ni dogo. Nguruwe atalazwa na sisi, si ndiyo kazi yetu? Nikaenda kumwona daktari wa mifugo wa wilaya ili anipe ushauri wa vipimo vya dawa. Ni mama wa makamo, mkavu wa maneno, aliyenipokea zizini akiwa na buti za mpira na mkono mmoja umeingia ndani ya ng'ombe mpaka begani. Aliendelea na kazi yake huku ananihoji.

"Mtamlaza kwa nini?"

Ketamini ya kuanzia, nikasema, kisha halotheni, ndiyo gesi tuliyonayo.

"Unajua halotheni inawafanya nini baadhi ya nguruwe?"

Nilijua, na niliona aibu kwamba sikuwa nimekumbuka. Kuna ugonjwa wa kurithi ambao mtu au nguruwe akivutishwa halotheni misuli yake inakakamaa na joto la mwili linapanda kama pasi, hadi anakufa. Kwa binadamu ulielezwa mwaka 1960 huko Melbourne na Michael Denborough. Wafugaji wa nguruwe Ulaya waliujua kwa jina lao, na kwa miaka mingi waliwavutisha watoto wa nguruwe halotheni makusudi ili kuwatambua wenye kasoro na kuwaondoa kwenye uzazi. Dawa yake, dantrolini, ilithibitishwa kwa nguruwe hukuhuku Afrika: Gaisford Harrison wa Cape Town ndiye aliyeonyesha mwaka 1975. Sisi dantrolini hatukuwa nayo hata ya mtu, seuze ya nguruwe.

"Haya," akasema, "tuseme amelala salama. Nyie 12 mnaangalia skrini. Nani anamwangalia yeye? Anayehesabu pumzi zake saa 6 mfululizo ni nani? Maana akiamka nusu na sindano 12 mwilini, hayo si mafunzo." Akanikumbusha pia kwamba nchi ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kwamba mnyama wa mafunzo hachukuliwi sokoni kama wa kitoweo: kuna kibali, kuna kamati ya maadili, kuna mtu wa kujibu. Sista alikuwa ameyaona yote hayo kwa sentensi moja. Kumlaza nguruwe vizuri kungehitaji mtaalamu mmoja wa usingizi asifanye kingine chochote siku nzima, na wataalamu tulikuwa wawili, hospitali nzima. Yaani siku ya mafunzo ya usalama wa wagonjwa, wagonjwa wangeachwa na mtu mmoja.

Hata hivyo hayo ni matatizo ya maandalizi, na maandalizi hurekebishwa. Ungepatikana mwalimu wa tatu, ungepatikana mchanganyiko wa dawa za sindano bila halotheni, ungepatikana muhuri. Yule mama alinikwamisha kwa jambo jingine, na alilisema wakati ananawa mikono, kama mtu anayeuliza bei ya mkaa.

"Sasa mkishamdunga, mtajuaje ganzi imeshika?"

Nikafungua mdomo nikaufunga.

Mtu ukimpiga bloku ya kwapani unasubiri dakika 20, unamgusa kwa barafu au pamba yenye spiriti, unamuuliza: baridi? hapa je? nyanyua mkono, kunja kiwiko. Majibu hayo ndiyo yanayokwambia kama dawa uliimwaga penyewe. Nguruwe aliye nusukaputi hana ganzi ya kupimwa, kwa sababu hasikii popote. Ukimpatia au ukimkosa, anakoroma vilevile. Na kile ambacho kijana wa bodaboda alitupa bure, lile neno "umeme", nguruwe hawezi kulitoa. Tulikuwa tunataka kuwafundisha wanafunzi ambao kosa lao lilikuwa kutosikiliza, kwa kutumia kiumbe tuliyemnyamazisha kwa makusudi.

Kwa hiyo nguruwe angetufundisha nini? Nikarudi na karatasi nikaanza kuandika kwa uaminifu. Angetufundisha njia ya sindano: kushika probu, kile kifaa cha ultrasaundi kinachopitishwa juu ya ngozi, kwa mkono wa kushoto, sindano kwa kulia, na kuihifadhi ncha ndani ya ule mwali mwembamba wa sauti, mwembamba kama ukingo wa kadi ya simu. Angetuonyesha damu inayodunda, na kifua kinachopanda na kushuka. Angetuonyesha dawa inavyotawanyika kati ya misuli. Lakini jiografia ya mwili isingekuwa ya kwetu: nguruwe hana mtulinga, kwa hiyo bloku inayopigwa juu ya mtulinga, ambayo ndiyo inayotisha kwa kuwa pafu liko chini yake tu, kwake haina alama ya kuanzia. Mafuta yake ni mazito. Kwapa lake limebanwa kifuani.

Tukiwa kwenye kuhesabu huko, nilirudi kwenye yale yanayojulikana kuhusu makosa ya wanaoanza. Brian Sites na wenzake, Marekani, wamefanya kazi ya kuchosha lakini ya thamani: mwaka 2007 walitoa uchambuzi wa video za bloku 520 zilizofanywa na wanafunzi 6. Makosa mawili yaliongoza. La kwanza ni kusogeza sindano bila kuiona. La pili ni probu kuteleza bila mwenyewe kujua. Hayo mawili ndiyo yaliyomkuta mwanafunzi wangu, kwa mpangilio huohuo. Na miaka mitatu kabla ya hapo kundi hilohilo lilikuwa limewapima wanafunzi wasio na uzoefu kwa kifua cha bata mzinga kilichofichwa zeituni ndani. Zeituni! Kosa la kusogeza sindano gizani lilijitokeza kwenye nyama ya jikoni waziwazi. Kama kosa linaonekana kwenye nyama iliyokufa, linaweza kurekebishwa kwenye nyama iliyokufa.

Mgeni wetu hakukubaliana, na nitamtendea haki. Aliniambia jioni moja, tukiwa tumekaa nje na maji ya madafu, kwamba mimi nazungumza kama mtu ambaye fani yake haidaiwi chochote na wanyama. Nikamwambia inadaiwa sana. Carl Koller wa Vienna, mwaka 1884, kabla hajajidondoshea kokeini machoni mwake mwenyewe, aliidondosha kwenye jicho la chura, la sungura na la mbwa. Ile dripu ya mafuta tunayoikimbilia dawa ya ganzi inapoingia kwenye damu na kuusimamisha moyo ilianza kwa panya wa Guy Weinberg mwaka 1998, ikafuata kwa mbwa mwaka 2003, na mtu wa kwanza kuandikwa kuwa aliokolewa nayo ni wa mwaka 2006. Na kuhusu jambo letu lenyewe, la sindano kuingia ndani ya neva, tunayoyajua tumeambiwa na nguruwe. Vincent Chan na wenzake wa Toronto walidunga neva za nguruwe mwaka 2007, wakaonyesha kwamba neva iliyodungwa ndani huvimba kwenye skrini mbele ya macho yako, na kwamba kichocheo cha umeme si mlinzi wa kutegemewa, maana ncha inaweza kuwa ndani ya neva na bado msuli usiruke. Mwaka 2010 ikaonekana, kwa nguruwe tena, kwamba neva iliyovimba inaweza kuwa na majeraha chini ya hadubini na mnyama bado akatembea vizuri.

"Unaona?" akasema.

Nikamwambia hapo ndipo tunapoachana njia. Nguruwe wa Toronto waliulizwa swali ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake, wakalijibu mara moja kwa niaba ya sote. Nguruwe wetu angekuwa anafundisha mikono 12 kushika sindano, na mwaka wa pili mikono mingine 12. Waingereza waliliona hilo zamani kuliko unavyofikiri: sheria yao ya mwaka 1876, iliyoruhusu mambo mengi ya kutisha, ilikataza kumtumia mnyama hai kwa ajili ya kujipatia ustadi wa mikono. Siichukui sheria ya mkoloni kama msahafu. Ila nilipoisoma niliona mtu fulani alishakaa mahali nilipokaa mimi na fomu yake.

Hakubadilika. Alisema kuna kitu cha moyo: mkono unatetemeka tofauti mbele ya kiumbe kinachopumua, na mtetemo huo ni bora utokee kwa nguruwe kuliko kwa mama wa mtu. Hoja hiyo sikuwa na jibu lake siku ile. Sehemu ya jibu ilikuja baadaye, kutoka zizini.

Nilifuta mstari wa nguruwe, nikaandika "nyama ya ng'ombe, kilo 16, na kano".

Mwenye bucha ya sokoni alifikiri nina wazimu wa aina mpya. Nilitaka paja lisilokatwakatwa, lenye misuli iliyoshikana na utando wake, na kano ndefu nzima. Kano ndiyo siri ya mazoezi haya. Ukiichomeka katikati ya misuli kwa uzi na sindano ya kushonea magunia, kwenye skrini inang'aa na kuonyesha nyuzinyuzi zake kama neva, na kama neva inatoweka ukiinamisha probu kidogo tu. Mwanafunzi anafikiri ameipoteza, kumbe ameinamisha mkono. Kando ya kano tukapitisha mrija wa dripu uliojaa maji. Mtu mmoja akawa anaubana na kuuachia mfuko wa maji kwa mapigo, na kwenye skrini "mshipa" ukawa unadunda. Kwa mshahara wa soda mbili tukapata moyo. Kosa letu la asubuhi ya kwanza lilikuwa hewa: ukidunga nyama kwa bomba lenye povu kidogo, hewa inabaki ndani na skrini inakuwa nyeupe kama ukungu wa Lushoto, na nyama hiyo imekwisha. Baada ya kilo 4 kuharibika tulijifunza kuyatoa mapovu yote kwanza.

Sheria ilikuwa moja tu. Ncha ikipotea, sindano inasimama. Haisogei hata unywele. Unatafuta kwa probu, ukiiona ndipo unaendelea. Sista alisimama nyuma yao na fimbo ya kuonyeshea ubaoni, na kila sindano iliposogea gizani aligonga meza. Siku ya kwanza meza iligongwa mpaka watu wa wodi ya jirani wakaja kuuliza kuna ujenzi gani.

Idadi ya mazoezi hatukuikisia. Michael Barrington na wenzake wa Australia walikadiria mwaka 2012, kwa kutumia maiti, kwamba anayeanza huhitaji takriban majaribio 28 yanayosimamiwa na kusahihishwa, wengine zaidi, wengine wachache. Tukaweka 30 kwa kila mmoja. Kuna aliyeiva kwenye la 15. Kuna aliyefika 40 bado anagongewa meza, na huyo alikuwa bingwa wao wa mitihani ya kuandika. Hebu pima, 30 mara 12 ni mara 360. Nguruwe mmoja, siku moja, miguu 4, angempa kila mmoja zamu ngapi?

Sehemu ambayo nyama haiwezi, yaani ramani ya mwili wa mtu, waliipata kwa kupimana wao kwa wao bila sindano: jeli, probu, kwapa la mwenzako. Wanawake walipimana nyuma ya pazia, wanaume upande wao. Hakuna mnyama anayelifundisha kwapa la binadamu vizuri kuliko kwapa la binadamu, na hatukuhitaji kibali cha mtu isipokuwa mwenye kwapa. Maiti tulizijadili kwa dakika tano tu. Zile zinazohifadhiwa kwa njia ya Walter Thiel wa Graz, zinazobaki laini na kutumika kufundishia bloku mahali kama Dundee, hutoka kwa watu walioridhia wenyewe wakiwa hai. Mochwari yetu ina watu wanaosubiriwa na ndugu zao getini.

Sasa zizi. Wiki ya pili yule daktari wa mifugo alinitumia ujumbe: "Nina ng'ombe wa kukata kidole kesho saa 2. Leta wanao." Nikawapeleka sita kwenye kibao cha gari la wagonjwa lililoharibika siti.

Ng'ombe wa maziwa, mguu wa nyuma umevimba, ukwato mmoja umeoza. Akalazwa ubavu kwa kamba na dawa kidogo ya kumtuliza, macho wazi. Mama akafunga mpira wa kubana juu ya kifundo, akatafuta mshipa wa damu chini yake, akaujaza dawa ya ganzi, lignokeini isiyo na adrenalini. Wanafunzi wakatazamana. Ilikuwa ileile bloku ya August Bier ya mwaka 1908, waliyoisoma kwa ajili ya mkono wa binadamu, mbele yao ikifanya kazi kwenye ukwato. Akasubiri dakika 10. Kisha, kabla ya kuchukua kisu, akachoma ngozi katikati ya kwato kwa sindano. Ng'ombe hakushtuka. Akachoma juu ya mpira, mahali pasipo na ganzi, na mguu wenye kamba ukaruka ukamkosa mwanafunzi mmoja kwa kiganja.

"Huyo ndiye amewajibu," akasema mama.

Ile mikono ilitetemeka bwana. Mtetemo ambao mgeni wetu aliutaka niliuona pale zizini, kwa mnyama aliyekuwa na jipu lake, aliyetakiwa kutiwa ganzi siku hiyo tuwepo tusiwepo, na aliyerudi kwa mwenyewe akiwa amepunguziwa maumivu. Tulikwenda mara nne. Ng'ombe aliyezalishwa kwa upasuaji akiwa amesimama, ganzi imepigwa ubavuni kwa mstari unaokunja kona, huku anatafuna. Mbuzi wa kuondolewa uvimbe, ambaye kwa mama ndiye aliyekuwa somo kubwa kuliko wote, kwa sababu ya hesabu. Mbuzi wa kilo 20, lignokeini ya asilimia 2, yaani miligramu 20 kwa kila mililita. Kwa kiwango chake cha miligramu 5 kwa kilo, mbuzi yule mwisho wake ni mililita 5. Mwanafunzi alikuwa amevuta 10, mkono ukifuata mazoea ya watu wazima. Mama alimshika kifundo, hakusema kitu, akamtazama mbuzi kisha akalitazama bomba. Tangu siku hiyo kabla ya kila bloku kwa mgonjwa wetu watu wanataja uzito na hesabu kwa sauti: kilo 60, bupivakeini (dawa nyingine ya ganzi) miligramu 2 kwa kilo, miligramu 120, ya asilimia 0.5, mililita 24 ndio mwisho.

Nikiri kilichobaki. Wanafunzi wangu hawajawahi kuona kwa macho yao, ana kwa ana, neva inavimba kwa dawa iliyoingia ndani. Kano haivimbi hivyo. Wanaiona kwenye video, na video ile inatokana na wanyama waliokufa. Kuna daktari mwenzangu anayesema huo ni unafiki, kula kuku na kukataa kumchinja. Nimeizungushia hoja hiyo akili usiku zaidi ya mmoja. Ninachoweza kusema ni kwamba kuku amekwishachinjwa, na kumchinja mwingine kila mwaka ili tuone damu hakumfufui wa kwanza. Pia sisemi nyama ya bucha inamtosha mtu. Baada ya zile mara 30, kila mwanafunzi alifanya bloku zake za kwanza kwa wagonjwa nikiwa nimekaa pembeni yake, sina kitanda cha pili, sina presha ya mtu mwingine. Hilo ndilo lilikuwa gumu kulipata kuliko nguruwe, maana lilimaanisha kupunguza orodha ya upasuaji siku mbili kwa wiki, na wakubwa hawakufurahi. Laiti ningelifanya hilo siku ile ya bodaboda, pengine nisingekuwa na kisa cha kuandika.

Yule mwanafunzi mwenyewe alirudi kwenye kwapa mwezi wa tatu. Mgonjwa alikuwa fundi seremala, mkono wa kulia. Ncha ilikuwa inaonekana, nyeupe na safi, karibu na neva ya pili, na hakuna meza iliyogongwa. Fundi akasema taratibu, kama anayeona haya kusumbua: "Dokta, hapo kama kaumeme kadogo." Mwanafunzi akaacha kusukuma, akairudisha nyuma sindano milimita chache, akamwuliza, "Sasa je, baba?" Fundi akasema kimekwisha. Nilikuwa sijafungua mdomo.

Mkaguzi wa hesabu alikuja mwezi wa saba. Alikuwa na hoja moja kwa idara ya usingizi: bajeti ya awali ilitaja nguruwe hai mmoja, matumizi yanaonyesha nyama ya ng'ombe kilo 16 pamoja na nauli za kwenda kwa mifugo, na risiti ya bucha haina maelezo ya kitabibu. Anaomba kufahamishwa nyama hiyo ililiwa na nani. Sista akamchukua mkono mpaka kwenye friji letu, akamtolea paja lenye mashimo kama kichungi cha chai, na kano imetokeza pembeni.

"Chukua, baba," akamwambia. "Kama utaweza kuila."